Usifungue Mpaka Taa Ziwake

Msinianze. Nimeshaulizwa na wazee wa kanisa, nimeulizwa na askari, hata na jirani ambaye hayamhusu. Leo nasema ilivyokuwa, mara moja tu, na asiyeamini shauri yake.

Brayson ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alifanya kazi miaka mitatu kwenye mashamba ya maua kule Arusha, akarudi hapa Nanyala, Mbozi, mwaka 2013 na jambo moja tu kichwani. "Dada," akaniambia, "mmea hauhesabu siku, unahesabu giza. Ukiupa mwanga mrefu unaota majani. Ukiupa giza la saa kumi na mbili bila kukatiza, unatoa maua." Nikamuuliza, mmea gani huo? Akacheka. Nikajua ni bangi. Nikamtukana vizuri, halafu nikamwachia chumba cha uani. Ndugu wa tumbo moja utamfanyaje?

Akaziba dirisha kwa bati na udongo, akatundika mablanketi mawili mlangoni kwa ndani, akafunga taa kubwa nne na swichi yenye saa, ile inayowasha na kuzima yenyewe, aliyoinunua Tunduma. Taa ziliwaka saa moja jioni, zikazimika saa moja asubuhi, maana usiku wa Mbozi una baridi ya kukata masikio na taa zile zilitoa joto. Kwa hiyo sisi tukiamka, mle ndani usiku ndiyo kwanza unaingia. Saa sita mchana napita na ndoo ya maji, kuku wanaparua, watoto wa jirani wanapiga kelele, na nyuma ya ukuta ule nahisi kuna kitu kimelala. Nikawa nanyata. Nyumbani kwangu mwenyewe, haki ya Mungu, nanyata!

Mwezi wa sita nilifungua mchana kuchukua ungo wangu. Mlango haukukaa wazi hata dakika tano. Wiki mbili baadaye maua yakagoma, yakaanza kuchomoza vijani vya ajabu ajabu, na Brayson akanirushia ndoo. Mimi! Niliyembeba mgongoni! Akaniapisha kwa jina la marehemu mama: taa zikiwa zimezima, mlango haufunguliwi, hata nyumba iungue. Nikaapa kwa hasira. Nikamwambia sitaugusa mlango wako tena, hata uniite unalia.

Mwezi wa saba ukungu ukashuka ukakaa siku nne. Jua hatukuliona. Miche ikaanza kugeuka zambarau, majani yakajikunja. Brayson hali, halali. "Giza lao lina baridi mno, dada. Zimebaki wiki mbili tu. Itakufa." Asubuhi ya siku ya tano, taa zilipozima, akabeba jiko la mkaa.

Sasa hapa kwetu kila nyumba inaota moto wa jiko mwezi wa saba, si jambo la kushangaza. Lakini sisi mlango tunauacha wazi. Yeye aliogopa miche isije ikaona wekundu wa makaa, basi akafunika jiko kwa debe, akabakiza tundu chache kwa chini. Akaingia nalo, akafunga mlango, akashusha mablanketi. Sauti yake ikatoka nyuma ya mablanketi: "Nitakaa nalo mwenyewe. Usifungue mpaka taa ziwake, dada."

Nikakaa barazani karibu na mlango ule, napukuchua mahindi. Nilimsikia anakohoa. Nilimsikia anaimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja anaurudia rudia kama mlevi. Kufika saa nne akanyamaza. Nikasema amelala, na apumzike. Saa sita nikamwita kwa chakula, kimya. Nikajua ameninunia.

Saa tisa moyo ukanipasuka paa! Sijui kwa nini. Nikainuka, nikagonga. "Brayson! We Brayson!" Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Bado giza, Loisi," sauti ikajibu. "Usifungue."

Ilitoka karibu kabisa, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya blanketi. Ilikuwa ya upole. Na Brayson tangu ajue kusema hajawahi kuniita Loisi, mimi kwake ni dada, na upole hakuwa nao. Hayo yote niliyatambua palepale. Lakini mtu akikujibu si yu hai jamani? Na ndoo ile nilikuwa bado naikumbuka. Nikasonya, nikarudi kwenye mahindi yangu. Kila nilipotulia kidogo, nilisikia majani yanasugua mlango kwa ndani, taratibu, wakati mle hamna upepo.

Saa moja jioni swichi ikalia, mwanga mweupe ukatoka chini ya mlango. Nikafungua.

Miche ilikuwa mizima. Maua yamenona, majani yote yameelekea mlangoni. Brayson alikuwa ukutani kule mwisho, ameketi, mkono juu ya debe, mwili umekakamaa kama gogo. Majivu yalikuwa ya baridi. Muuguzi wa zahanati alikuja akamgusa taya na viwiko, akasema ni hewa ya mkaa, na kwamba huyu amekufa asubuhi, saa nne au saa tano.

Askari akaniuliza kwa nini sikufungua. Nikasema marehemu alinikataza. Saa ngapi? Nikasema saa moja asubuhi, wakati anaingia. Si uongo. Ile ya saa tisa sikuitaja, na hadi leo sijamtajia mtu.

Kwa sababu muuguzi ni binadamu, anaweza kukosea. Kama ile sauti ilikuwa ya mdogo wangu, basi alikuwa hai, na mimi nilikuwa nimeshika kitasa, nikamwacha afe kwa ajili ya ndoo. Nyie mnaogopa mizimu. Mimi napiga magoti kila siku namwomba Mungu iwe ilikuwa mzimu.