Kikombe cha Bosi

Bosi Hatakeyama aliweka funguo za gari kwenye kaunta ya baa yangu, akanisogezea kikombe kitupu.

"Mama Kinue, nimiminie sake."

"Umekuja na gari. Ukinywa ukaendesha, watanifunga na mimi niliyekumiminia."

"Baa yako inaishi kwa pesa zangu."

"Basi na ife."

Akacheka, akamgeukia fundi wake aliyeketi kando yake na kikombe chake. "Moriwaki, mimina wewe."

Kwetu mtu hajimiminii mwenyewe mbele za watu, na mdogo hamkatalii bosi wake. Moriwaki akaishika chupa kwa mikono miwili, akainama kwa adabu zote, kisha akajaza kikombe chake mwenyewe mpaka juu.

"Samahani, bosi," akasema. "Mimi narudi kwa miguu."