Televisheni Iliyomkata Mke Wangu

Mimi ni seremala mstaafu. Katika miaka arobaini ya kazi niliwahi kutengeneza mlango uliokaa sawasawa kiasi kwamba upepo ukitaka kuingia ulibisha hodi. Asiyeamini akauulize upepo. Lakini kazi niliyoionea fahari kuliko zote ni kabati la sebuleni kwangu: mbao ngumu tupu, milango minane, na katikati tundu la mraba lililoikumbatia TV yetu ya zamani, ile yenye kisogo kirefu.

TV hiyo ikafa wiki ileile mke wangu alipoihitaji. Yeye ni muuguzi mstaafu, na kwaya ya wauguzi wenzake ilikuwa imerekodiwa. Kipindi kingetoka Jumapili saa kumi jioni. Kwa urefu wa mke wangu, walimsimamisha mwisho kabisa wa mstari, upande wa kulia.

Alhamisi tukaenda kwa dada yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kuangalia tangazo la kipindi. TV yake nayo ni ya mraba. Kwaya ikatokea. Mke wangu akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Mimi niko wapi?"

Dada yangu akavaa miwani. "Wifi, naona bega."

"Bega!"

"Lakini bega zuri, wifi. Limenyooka."

Kumbe picha za siku hizi hupigwa kwa upana, na TV ya mraba ikishindwa kuzimeza hukata pembeni. Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu alitembea akilitazama bega lake kama la mgeni.

Kesho yake tukawa dukani kwa Dokta Rimoti, tunamwita hivyo kwa sababu hutembea na rimoti tatu mfukoni. Juu ya meza kulikuwa na TV mbili: moja ya mraba, iliyotumika lakini nzima, na moja pana, nyembamba, inchi thelathini na mbili.

Nikaipapasa ile ya mraba. "Hii. Itaingia kabatini kama kidole kwenye pete."

"Na mimi nitaingia wapi?" akauliza mke wangu.

Dokta Rimoti akawasha zote mbili kwenye mechi moja. Kwenye ile pana, golikipa aliruka, mpira ukampita. Kwenye ya mraba hapakuwa na golikipa wala goli. Mpira ulienda zake nje ya dunia, halafu watu wakashangilia.

"Umeona, mzee?" akasema Dokta.

"Nimeona. Mpira wenyewe huchezwa katikati."

"Mzee, ubishi huu unautoa wapi?"

"Mtu hakati kabati lake kwa ajili ya golikipa!"

Mke wangu akaja kusimama mbele yangu, mkoba mkononi. "Mume wangu," akasema taratibu, "ulioa mtu au ulioa bega?"

Duka zima likanigeukia. Hata watangazaji wa mpira, nakuapia, walinyamaza kusikia nitajibu nini.

"Funga hiyo pana," nikamwambia Dokta. "Iletwe Jumapili mchana."

Jumamosi nikatoa msumeno. Niliuomba radhi kila ubao kabla ya kuukata. Nikapima upana, inchi thelathini na mbili kamili, nikaongeza nusu ya kupumulia. Kingo nikazipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza.

Jumapili Dokta Rimoti akaja na TV, akaisimamisha ndani ya tundu. Kushoto pengo. Kulia pengo. Mkono wa mtu mzima ungepita.

"Umetuletea ndogo!" nikafoka.

"Ni inchi thelathini na mbili, mzee."

Nikapima mwenyewe. Ishirini na nane na ushee. "Hii hapa, ushahidi! Nne umezila!"

Dokta akaichukua futi yangu kwa adabu, akailaza mshazari, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Thelathini na mbili. "TV hupimwa hivi, mzee. Si kama mbao."

Arobaini! Miaka arobaini ya kushika futi, nikafundishwa kupima na muuza rimoti, sebuleni kwangu, mbele ya mke wangu. Yeye alikuwa ameshakaa chini kwa kicheko. Akainuka, akaingiza mkono kwenye pengo la kulia, akaupunga humo ndani. "Fundi, hujambo huko?"

Nilitaka kukasirika. Kicheko kikaniwahi.

Saa kumi ikagonga. Kwaya ikatokea, mstari mzima, watu ishirini na sita, na mwisho wa mstari, kuanzia kilemba mpaka viatu, mke wangu! Alisimama pale kama vile wale ishirini na watano walikuja kumsindikiza. Kwenye ubeti wa pili, wenzake wakiwa wamemkodolea macho mwalimu wao, akageuka kidogo kuitazama kamera. Akakonyeza.

Nikashtuka. "Wewe! Unamkonyeza nani mbele ya taifa zima?"

"Nani mwingine hukaa kwenye kiti hicho?" akajibu bila kunitazama. "Ndiyo maana nilitaka nionekane."

Basi. Magoti yangu, ambayo daktari ameyakataza kupanda ngazi, yaliniinua yenyewe. Nikacheza kushoto, nikacheza kulia, nikazunguka mbele ya kabati, mikono juu, naimba kiitikio nisichokijua.

"Baba!" mke wangu akapiga kelele. "Toka hapo mbele, na wewe unanikata!"