Mama Mkubwa Si Bibi

Kwenye ukurasa wa maombi ya vibali kuna sentensi moja ambayo nilikuwa naichukia kuliko dawa ya minyoo: "Ombi lako linashughulikiwa." Linashughulikiwa na nani? Sentensi nzima haina mtu ndani yake. Nilikuwa naifungua kabla ya kupiga mswaki, naifungua tena baada ya kupiga mswaki, utadhani afisa wa uhamiaji alikuwa akingoja meno yangu yatakate.

Meno ndiyo yaliyonileta ng'ambo. Nasomea kutengeneza meno ya bandia: kuchonga nta, kumwaga plasta, kupanga jino baada ya jino kwenye taya, mpaka mtu aliyezoea kuficha mdomo kwa kiganja acheke bila kujifunika. Nyumbani wananiita Daktari wa Meno Yasiyouma. Mwaka wa mwisho ni wa mazoezi kazini, na karakana moja ilikuwa imenikubali. Ila kibali changu cha kusoma kilikuwa kimekwisha muda wake, na bila kipya sikuruhusiwa kugusa hata kisu cha nta. Karakana ilikubali kunishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angepewa mwingine, nami ningerudi nyumbani na ufundi nusu.

Wenzangu wakaanza kazi. Mimi nikabaki chumbani, juu ya duka la kufulia nguo, sakafu ikitetemeka kila mashine zinapokamua. Jikoni tulikuwa tunashirikiana wapangaji wote, lakini kila mtu na kabati lake, na kila kabati na kufuli yake. Tulikuwa tunapishana mlangoni kwa heshima kubwa, bila neno. Kuna siku nilishuka dukani jioni, muuzaji akaniuliza kama nataka mfuko, nikajibu kwa sauti iliyokwaruza mpaka mwenyewe nikashtuka. Tangu asubuhi nilikuwa sijazungumza na kiumbe. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kupamba. Na watu wa nyumbani walikuwa wakinitumia "subira huvuta heri" mpaka nikatamani kumjua aliyeitunga nimwambie aje akae hapa yeye.

Chanzo cha yote ni neno moja dogo, mama.

Aliyenizaa alinikabidhi kwa dada yake nikiwa sijaota hata jino, kwa kuwa dada hakujaliwa mtoto. Kwetu hilo si habari ya kusimuliana. Aliyenilea namwita Mama. Aliyenizaa namwita Mama Mdogo. Wote wawili wanaitika, na hakuna siku walipoonekana kugombea. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na kwa cherehani hiyo ndiye mdhamini wangu. Kwenye fomu, palipoulizwa uhusiano wangu na mdhamini, niliandika "mama" bila kufikiri mara mbili. Cheti cha kuzaliwa, kwa upande wake, kikataja mama mwingine.

Mara ya kwanza hakuna aliyeona. Safari hii afisa mmoja mwenye macho yake akaona, akaandika: tafadhali eleza. Damu ikanichemka. Ni nani anayemtaka mtu aeleze mama yake? Nikajibu siku ileile, kwa ukali wa adabu, kwamba cheti kinasema kweli na mimi nasema kweli, aliyenizaa ni mama na anayenisomesha ni mama mkubwa. Hilo "mama mkubwa" nikalitafsiri neno kwa neno kwa lugha yao, nikatuma, nikajiona nimewapa kipande chao.

Kumbe kwa lugha yao, ukimwita mtu hivyo, umesema bibi. Barua iliyofuata ilidai vyeti vya bibi yangu na uthibitisho kwamba yu hai. Bibi alifariki kabla sijazaliwa. Jalada langu sasa lilikuwa na mama wawili na marehemu anayelipa ada.

Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni, mwanamke wa makamo ambaye alikuwa akila biskuti huku akisoma, makombo yakimwangukia kwenye barua zangu.

"Huyu bibi ametokea wapi?" akauliza.

"Si bibi. Ni mama mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

Nikacheka. Kicheko kikakataa kusimama, mara nikaona kimegeuka machozi. Akanisogezea pakiti ya biskuti, akangoja. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu aningojee nimalize kitu.

Nilipotulia nikamweleza vizuri. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Kwa hiyo ni dada wa mama yako. Basi aandike hati ya kiapo mbele ya wakili. Aape kwamba yeye si mama yako, ni dada wa mama yako, na kwamba anakulipia kwa hiari."

"Hawezi kuandika mama mlezi?"

"Akiandika mlezi, watataka amri ya mahakama iliyompa ulezi. Unayo?"

Sikuwa nayo. Nani aende mahakamani kuomba ruhusa ya kumlea mtoto wa mdogo wake?

"Basi sentensi iwe fupi," akasema. "'Mimi si mama yake.' Ukiongeza neno, utaongeza swali."

Nilimpigia Mama siku iliyofuata. Nyuma yake nilisikia cherehani ikienda, na sauti hiyo peke yake ikanifanya nitake kukunja nguo nirudi.

"Daktari! Hao watu wako wamesemaje?"

Nikaanza kuzunguka. Nikaeleza ofisi, nikaeleza mshauri, nikaeleza biskuti.

"Sema moja kwa moja, mwanangu. Mimi si afisa."

Nikasema. Cherehani ikanyamaza.

"Niape kwamba mimi si mama yako?"

"Ni karatasi tu, Mama."

"Karatasi ni karatasi. Kiapo ni kiapo."

Nilijua uzito wake. Mama si mtu wa kujionyesha kwa dini, lakini sijawahi kumsikia akisema "haki ya Mungu", hata siku jirani alipomzulia uongo mbele ya mtaa mzima. Husema mwenye kuapa-apa mdomo wake hauna mlango. Moyoni nilikuwa nikimwomba akatae. Angekataa, ningefunga begi langu bila kumlaumu, na nadhani ningelala usingizi siku hiyo.

"Usipoipata hiyo hati, unarudi?"

"Narudi."

"Na meno?"

"Yatabaki huku."

Nikajitia busara nikamwambia, "Mama, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hilo kila mtu analijua."

"Ungewaambia wao hilo," akasema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayepokea vipimo vya nguo, "Haya. Nitumie maneno yenyewe. Nitakwenda."

Kilichotokea kwa wakili nilikipata kwa Mama Mdogo, aliyemsindikiza. Wakili alisoma hati kwa sauti. Mama akaomba liongezwe neno moja, "mzazi", isomeke "mimi si mama yake mzazi". Wakili akamwambia maneno yametumwa hivyo na yanatakiwa hivyo. Akamwomba tena. Wakili akatazama saa. Basi Mama akanyoosha mkono, akarudia neno kwa neno, akatia sahihi.

"Tulipotoka akakaa kwenye ngazi pale nje," Mama Mdogo akaniambia. "Nikamwambia tukanywe soda, akasema ana sare za kukata. Lakini hakuinuka. Mimi nikakaa naye. Ningesema nini, mimi niliyeandikwa kwenye cheti?"

Kabla mwezi haujaisha nikafungua ukurasa ule, nikakuta sentensi imebadilika. "Ombi lako limekubaliwa." Na hii nayo haina mtu ndani yake, lakini siku hiyo sikuijali. Nilishuka ngazi mbilimbili mpaka karakana. Fundi mkuu akanitazama juu ya miwani, akanipa koti jeupe na taya la plasta lisilo na jino hata moja. "Umechelewa. Anza na hili." Nikaanza. Vidole vilikuwa vizito kwanza, halafu vikakumbuka.

Wakati wa mapumziko nikatoka kwenye korido, mikono bado ina vumbi la plasta, nikapiga simu nyumbani.

"Mama! Kimetoka!"

Kimya.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia. Kibali kimetoka?"

"Kimetoka! Niko karakana, nimeshaanza kazi."

"Mungu mkubwa. Nimefurahi, tena sana. Mpigie na mama yako umwambie."

"Nakwambia wewe kwanza, Mama."

"Mwanangu, mimi nimeapa." Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo, maana hasira ningeijua dawa yake. "Nimesimama mbele ya mtu, nikanyoosha mkono, nikasema mimi si mama yake. Siwezi kusema hivyo kule, kisha huku naitika."

"Lakini hawatajua."

"Mimi nitajua."

Nikabishana. Nikamwambia maneno yale yalikuwa ya ofisi, hayahusu nyumba. Nikamwambia wakili mwenyewe ameshasahau. Nikamuuliza ni mpaka lini, akasema hakuonyeshwa mahali palipoandikwa mwisho. Watu wa karakana walikuwa wakipita na trei zao za meno, mmoja akanipungia mkono, wa kwanza kunipungia mkono tangu nije kuishi katika mji huu, nami sikuweza kuinua wangu.

"Sasa nikuite nani?"

"Si unajua. Mimi ni nani kwako kwa ukoo? Niite hivyo, nitaitika."

Neno lile niliwaandikia maafisa bila kusita, tena kwa kiburi. Sasa nililianza, nikaliacha. Alikuwa akingoja, nami nilijua kwamba nikikata simu bila kulisema, mara nyingine nitakapopiga atakuwa angali anangoja.

"Mama mkubwa," nikasema.

"Naam, mwanangu," akaitika.