Kidonge cha Saa Sita

…lakini nesi alisema kimoja, kimoja asubuhi, kimoja saa sita, kimoja jioni, wala msijiongezee, na Tirsit amekishika cha saa sita kiganjani, kimeanza kulowa jasho, mtoto anamrushia miguu mgongoni, na baba mkwe, Gashe Wondafrash, ameganda kwenye kigoda kama aliyemwagiwa saruji, nyayo haziinuki, jicho halipepesi, siku ya nne hii tangu Pasaka, naye Kwaresima nzima, kwa vidonge hivi vya ugonjwa wa kuganda viungo, alikwenda kanisani kwa miguu yake, na fimbo tu, watu wakasema ndiyo baraka ya saumu… "Mpe viwili, binti, kwani unavila wewe?" ni mama mkwe huyo, anachovya mkate laini wa injera kwenye mchuzi wa kuku, "jana si ulimpa kimoja na nusu, alikufa?" hakufa, hapana, ila mzee alimkaribisha kaka yake aliyezikwa miaka sita iliyopita, akafukuza kondoo asiyekuwepo, akamtazama Tirsit na mtoto wake akauliza hawa wezi wameingiaje… na asipompa je, akiganda mpaka koo, akasongwa, mumewe aliye kazini mbali ataambiwa nini, kwamba baba yako kafa kwa woga wangu… "Msigombane, kuku atafufuka," mzee ananong'ona, kisauti kama cha mbu… labda dawa imechuja, labda waliuziwa chaki, lakini kopo ni lilelile la Kwaresima, vidonge vilevile, kimebadilika nini, Mungu wangu, nini… "Kula, mume wangu, siku hamsini na tano za dengu, leo nani akunyime," tonge linaingia, yai, nyama… nyama… nusu saa kabla ya chakula, nesi alilisema na hilo, hasa nyama na mayai, huizuia dawa, nani angelishika, wakati ule wa saumu mzee hali kitu mpaka saa tisa, kidonge kilikuta tumbo tupu kila siku, na sasa, tangu Pasaka, ni siku hamsini za kula tu, hata Jumatano hakuna saumu… si dawa basi, ni sahani, ni mkono huu wa mama mkwe uliosubiri kumlisha tangu saumu ianze, ndio unaomgandisha, na atakayelisema hilo ni yeye, mkaza mwana wa juzi, amwambie mama wa watu akae mbali na mdomo wa mumewe… "Mbona umesimama kama mti, wewe?" Tirsit anafumbua kinywa, na mzee anafumbua chake, kiungo pekee ambacho bado kinamtii, kupokea tonge jingine…