Mpini Uliovuka Korongo

Mwezi uliopita tulimzika mdogo wangu Sefania huku Ugweno, kwenye migomba ya nyumbani, na watu wakasimama mmoja baada ya mwingine kulisifu lile pigo lake la gofu. Walisema alimshinda Mzungu. Mzee mmoja wa kanisa aliinua bakora yake kuonyesha jinsi mpira ulivyopaa, watu wakacheka, msiba ukageuka kama harusi. Mimi nilikaa na pindo la khanga mdomoni. Walidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini kilichonifunga mdomo ni hasira, maana ningeufungua ningewafukuza wote. Naandika kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu siku ile hakuna aliyeshinda.

Baba yetu, Eliezeri, alikuwa mnyapara kwenye shamba moja la mkonge chini ya Lembeni, upande wa reli. Alikufa kwa homa katikati ya masika, wakati maji yameikata barabara ya kupanda kwetu. Tulimzika huko huko tambarare, kwenye mwinuko ng'ambo ya korongo, tukazungushia mawe, tukaahidiana kwamba kiangazi tutampandisha nyumbani. Kiangazi kikaja. Baba mdogo Gideoni akasema tungoje mavuno ya kahawa. Mavuno yakaisha, akasema tungoje kitu kingine. Baba akabaki kwenye vumbi na miiba, yeye aliyezaliwa kwenye ukungu.

Kisha akaja meneja mpya. Wafanyakazi walimwita Bwana Mluzi, kwa kuwa ulisikia mluzi wake kabla hujamwona. Alifyeka pori la upande wa huku wa korongo akatengeneza uwanja wa gofu. Usifikiri majani mabichi. Ulikuwa ni udongo mwekundu, na kwenye kila shimo walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ili mpira uteleze. Jumamosi Wazungu wa mashamba ya jirani walikuja na wake zao, wakapiga mpaka jua lizame. Uwanja ulipowabana, Bwana Mluzi akaamua kuuvusha mpaka ng'ambo. Alipoambiwa kuna kaburi, alisema mawe yatolewe na ardhi isawazishwe.

Sefania ndiye aliyenipasha habari. Alikuwa karani wa stoo hapo shambani, na jioni alitunza marungu ya gofu ya meneja, akayapaka mafuta na kuyafunga vitambaa. Alijifunza kucheza kwa kutazama, na Bwana Mluzi alipokosa mwenzake alimwita. Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha shule Same. Jumamosi ya wiki ileile nilipanda basi, nikamkuta meneja uwanjani na wageni wake.

"Bwana, lile kaburi ni la baba yetu," nilimwambia.

"Mzee Eliezeri alikuwa mtu mzuri sana," alisema, na nadhani alisema kweli. "Lakini amekufa, mama. Haoni kitu."

"Sisi tunaona."

Wageni wakanitazama. Bwana Mluzi akapiga mluzi kidogo, akamgeukia Sefania, uso ukamchangamka kama mtu aliyepata wazo zuri. "Basi tufanye hivi. Jumamosi ijayo, kijana apige mpira kutoka hapa. Ukivuka korongo, mzee anabaki. Usipovuka, natoa mawe. Sawa?"

Wageni wakapiga makofi.

"Baba yangu si zawadi ya mchezo," nilisema.

Lakini Sefania alikuwa tayari amesema, "Sawa, Bwana."

Njia nzima ya kurudi kwenye nyumba za wafanyakazi nilimfokea. "Ungeanza kuniuliza! Umemweka baba mezani kama jogoo wa dau!"

"Dada, ningekataa wangeyatoa mawe Jumatatu. Sasa angalau kuna nafasi."

"Nafasi ya kupiga kijiti?"

"Nafasi ni nafasi," alisema, naye macho yalikuwa yamemwiva. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kucheka, lakini jioni ile hatukula pamoja.

Sasa nieleze habari ya mipini, maana mambo yote yaligeukia hapo.

Rungu kubwa la kuanzia, ambalo wao waliliita draiva, lilikuwa la aina mbili pale stoo. Moja lilikuwa jipya, mpini wake wa chuma, mgumu, haupindi hata ukiukalia. Jingine lilikuwa la zamani, mpini wa mti mwekundu uliong'aa kwa kushikwa, na ukilitikisa kichwa chake kilibaki nyuma kidogo kabla ya kufuata mkono. Hilo la mti Bwana Mluzi alilitunza kwenye kitambaa chake pekee. Lilikuwa la marehemu baba yake, aliyelibeba kutoka kwao. Kijiti cha baba yake kilikuwa na blanketi, na baba yangu alinyimwa mawe.

Siku ya Jumatano meneja alimwona Sefania akijaribu yote mawili, akamwita. Sefania alinisimulia baadaye. "Wewe mkono wako ni wa polepole," meneja alimwambia. "Unapandisha, unangoja, halafu unaachia. Chuma hakikungoji. Kitafika kwenye mpira uso wake ukiwa umegeukia pembeni, mpira utakwenda chini chini na kulia. Chukua la mzee wangu, hilo linangoja pamoja na wewe."

Na ilikuwa kweli. Sefania alipiga mpira kama alivyolima. Kwetu shamba limesimama kama ukuta, na ukilima kwa pupa unaanguka na jembe lako. Unainua taratibu, unasimama kidogo juu, unauacha uzito wa jembe ushuke wenyewe. Hivyo ndivyo baba alivyotufundisha sote, na mkono huo ndio Sefania aliokwenda nao gofu.

Lakini baba alitufundisha na jambo jingine. Alipokata mpini wa jembe, aliuegemeza kwenye jiwe la mlangoni, akaukandamiza kwa goti. Uliopinda alipasua kuni. Mawe ya kwetu hayataki mpini unaonyumbuka, unakutegua kiwiko. Kijana aliyeonekana na mpini laini alichekwa njia nzima ya kwenda shamba.

Ijumaa nilirudi kutoka Same, na baba mdogo Gideoni aliposhuka na wanaume wa ukoo, kitu cha kwanza alichotaka ni kuona silaha. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba mdogo," akajibu "Marahaba, mwalimu," bila kunitazama. Aliliegemeza la mti kwenye kizingiti, akaweka goti. Likapinda. Wanaume wakaguna.

"Hili ni la kupigia nzi," alisema.

"Bwana mwenyewe amesema hilo ndilo linalonifaa," Sefania akasema.

"Amesema nani? Anayetaka ushindwe ndiye anakuchagulia mpini? Na wewe una akili timamu?" Wanaume wakacheka. "Kaka yangu alale chini ya miguu ya Wazungu kwa sababu mwanawe alishika ufito wa bibi harusi! Shika chuma."

"Baba mdogo," nilisema, "hujawahi hata kuuona mpira ukipigwa."

"Nimelima tangu hujazaliwa. Mpini ni mpini."

Sefania alinitazama. Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo, sikutaka kukiri kwamba Bwana Mluzi alisema kweli hata kwa jambo moja. Nikageuza uso.

Jumamosi watu walijaa. Wakata mkonge walisimama upande mmoja, wageni wa meneja walikaa kwenye viti vya turubai upande mwingine. Sefania akatokea na chuma. Bwana Mluzi akainua nyusi. Mdogo wangu akapandisha mikono taratibu, akangoja pale juu kama kawaida yake, akaachia. Ulisikika mlio mkavu. Mpira ukatoka chini chini, ukakunja kulia, ukagonga ukingo wa korongo na kuporomoka ndani na changarawe.

Baba mdogo Gideoni akatazama viatu vyake. Nilitamani avitazame mpaka kufa.

Ndipo Bwana Mluzi akacheka. "Si nilikuambia? Nyinyi watu mnafikiri nawadanganya tu!" Akaenda mwenyewe, akalifungua lile rungu kwenye kitambaa, akamnyooshea Sefania mbele ya wote. "Piga tena. Na la mzee wangu."

"Usiguse!" baba mdogo akafoka. "Sefania! Usituaibishe mara mbili!"

Mdogo wangu alisimama na mikono mitupu, jasho likimtiririka. Nikatoka kwenye kundi la wanawake.

"Chukua," nilimwambia. "Baba mdogo amekuchagulia mpini wa kulimia. Hapa halimwi. Chukua umalize upuuzi huu."

"Mwanamke unanisemea hivyo mbele za watu?" Gideoni akasema.

"Nitakusemea na mengine. Kiangazi kile ungekubali tumpandishe, tusingekuwa hapa."

Sefania akalishika la mti. Akapandisha, akangoja, na safari hii kichwa cha rungu kikangoja naye. Mlio ulikuwa mzito, wa chini. Mpira ukapanda juu ya korongo, ukatua kwenye mwinuko, ukabingirika na kusimama hatua chache kutoka kwenye mawe ya baba.

Wakata mkonge wakapiga mayowe, wakambeba Sefania mabegani. Hilo ndilo walilolisimulia kwenye msiba, na hapo ndipo walipoishia. Wameyasahau yaliyofuata.

Bwana Mluzi alitimiza neno lake, na zaidi. Alimpa Sefania lile rungu la baba yake liwe lake kabisa. Akaamuru mawe ya kaburi yapakwe chokaa. Uwanja ukavushwa ng'ambo, kaburi likaachwa katikati ya njia ya mpira, na wakaweka sheria kwamba mpira ukiangukia humo, mchezaji anauokota na kuuweka kando bila kosa. Shimo la gofu la upande ule wakaliita Eliezeri.

Niliyaona kwa macho yangu nilipokwenda kumtembelea Sefania likizo. Bibi mmoja wa Kizungu alipiga, mpira ukaangukia kati ya mawe meupe. "Mzee ameudaka!" meneja akapiga kelele, wote wakacheka kwa upendo, ndiyo, kwa upendo, kama unavyomcheka mbwa mzee wa nyumbani. Bibi yule akaingia na viatu vyake vya misumari, akainama kifuani pa baba yangu, akauokota.

"Ona, dada, hawajaligusa," Sefania alisema pembeni yangu. Alikuwa anajivuna.

"Jumapili leta majembe," nilimwambia.

"Lakini nilishinda!"

"Ulishinda nini? Niambie, ulishinda nini?"

Jumapili, wakati meneja na wenzake wako Moshi, tulikwenda na mchungaji na wanaume wa ukoo. Baba mdogo Gideoni alilia tangu jembe la kwanza, nami sikumbembeleza. Tulimtoa baba, tukamfunga kwenye shuka nyeupe, tukamweka kwenye sanduku la mninga.

Shimo likabaki wazi. Sefania alikuwa amekuja na lile rungu begani. Siku zile hakuliacha popote.

"Limelivusha jina letu, litapanda nasi," alisema.

"Halipandi. Lina mwenyewe, naye si wetu. Liweke humo."

Alilishusha begani. Kisha akalifunga kwenye kitambaa chake vizuri, kama alivyozoea kila jioni, akashuka shimoni akalilaza. Tukafukia, tukashindilia, tukayarudisha mawe meupe mahali pake, kila moja kama lilivyokuwa.

Tulimpandisha baba Ugweno mchana uleule, tukibadilishana mabega. Shambani hakuna aliyetuuliza kitu. Jumamosi iliyofuata Bwana Mluzi alicheza kama kawaida, na Sefania, aliyenisimulia, alikuwepo. Mpira ukaangukia kati ya mawe. Meneja akavua kofia, akasema, "Samahani, mzee," akaingia, akaukanyaga udongo mpya, akauokota mpira wake, akatoka akipiga mluzi.