Yowe Lisilojibiwa

"Mwizi ni Shukuru! Kaonekana na maksai wangu wawili. Tukimpata asifike polisi."

Ujumbe huo wa Ignas uliingia kwenye kundi la wasapu la Yowe Ilongero, Loyce akiwa shambani na mbegu zake za alizeti, akiwasubiri maksai haohao. Shukuru ni mdogo wake, tumbo moja, na alikuwa anakuja kumlimia. Damu ilimchemka Loyce mpaka masikioni.

Maksai hawakuwa wa Ignas hata ukwato. Walitokana na ng'ombe ambao marehemu baba yake Loyce aliwawekesha kwa Mzee Gaspari, baba wa Ignas. Wazee wa huku ndivyo wafanyavyo: unagawa mifugo kwenye maboma ya marafiki, na siri inabaki kati ya wawili, watu wasijue nani ana nini. Watoto wa mwenye boma hukua wakidhani kila pembe ni ya baba yao. Alfajiri hiyo Mzee Gaspari alimkabidhi Shukuru maksai hao, kisha akapanda basi kwenda Dodoma kutibiwa macho, hana simu, na alikuwa hajamwambia mwanawe kitu. Ignas alirudi kutoka machimbo ya Sekenke akakuta zizi lina pengo.

Majibu yakamiminika. "Nimesikia, natoka na shoka." "Mvunjeni miguu kwanza." "Tairi ninalo." Na hawa ni watu anaosali nao Jumapili! Ignas akaongeza: "Ukoo wa njaa ule. Baba yao alikufa hajamiliki hata mkia."

Hapo Loyce akaandika. "Mkia? Baba yako ndiye mchungaji wa ng'ombe wa baba yangu, na wewe umekunywa maziwa yetu mpaka ukaota ndevu. Maksai ni wetu, kamuulize mzee wako, mbwa wewe."

Kidole kikasita. Mwaka uliopita alijibu watu kwa hasira humohumo, akakosana na nusu ya kijiji, na katekista akamfundisha: andika, soma, futa. Tangu hapo alishafuta majibu mengi na kila mara alilala vizuri. Hili nalo akalisoma tena, akamwonea huruma Mzee Gaspari. Mzee aliyewatunzia mali tangu wakiwa yatima, leo aumbuliwe mbele ya kijiji kizima? Shukuru yuko njiani, akifika ataeleza mwenyewe kwa mdomo. Akafuta yote. Simu akaitupia kwenye kapu la mbegu, akajisifu kimoyomoyo kwamba sasa amekuwa mtu mzima.

Jamani, Loyce! Yowe umelisahau? Tangu enzi za bibi zetu, yowe likipigwa unajibu. Ukinyamaza, wewe ni wa mwizi na mwizi ni wako. Wasapu haikubadilisha hilo.

Haukupita muda, akasikia yowe la midomo upande wa mashine ya kukamua alizeti. Alikimbia peku. Watu walikuwa wamefanya duara, na katikati Shukuru amepiga magoti, mkono mmoja unaning'inia. Fimbo ilimshukia mgongoni. Mpini wa jembe ukafuata, ukampata shavuni, meno yakaruka na damu. Alitaka kusema kitu, na kila alipofungua mdomo walimpiga mdomoni. Maksai walikuwa wamefungwa kwenye nguzo, wanacheua.

Loyce alipasua watu kwa viwiko, akamng'ata mmoja mkono, akajitupa juu ya mdogo wake. Rungu lililokuwa linakuja likamvunja yeye bega.

"Ni wetu! Ni wa baba! Waliwekeshwa kwa Gaspari!"

Neno hilo likasimamisha mikono. Wazee wawili waliokuwa kwenye umati wakatazamana, wakashusha fimbo. Kila mmoja wao alikuwa na ng'ombe wa mtu zizini kwake.

"Shukuru, ni mimi. Ni dada."

Alimtazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Akavuta pumzi, ikatoka na mapovu ya damu, hakuvuta nyingine. Loyce alimtikisa kwa mkono mzima, akamwita kwa jina la utotoni, akamtikisa tena. Kilio kilichomtoka kiliwafanya wenye fimbo waanze kuondoka mmojammoja, kichwa chini, wale wa tairi wakiwa wa kwanza.

Ignas peke yake alibaki. Alikaa kwenye tope, suruali yote damu, simu mkononi.

"Tulipomkamata alisema tukuulize wewe," alisema. "Tukaona kwenye kundi unaandika. Nikawazuia watu, Loyce. Nikawaambia subirini, dada yake anaandika. Tukasubiri sote, na yeye akasubiri. Halafu ukaacha."