Aliyekuja Kuulizia Konak

Domnika alimshuku yule Mbulgaria tangu alipomwona mlangoni na daftari kwapani. Mwaka ule wa 1949, kwa Wagagauzi wa Bessarabia, mtu mwenye daftari hakuwa mtu wa heri. Ilisemwa kuwa waliokuwa matajiri zamani wangeandikwa majina na serikali ya Kisovieti, wapelekwe Siberia. Naye chini ya godoro alikuwa na hati ya marehemu baba yake: hekta ishirini na tatu za mizabibu.

“Mimi naitwa Petar, dada. Nakusanya maneno tu. Mbona nyumba hii watu wanaiita konak?”

“Nani kakwambia?”

“Kijiji kizima! Neno hili limezurura, dada. Mturuki akisema konak, ni jumba la mkubwa. Sisi Wabulgaria tukilisikia twakumbuka ofisi ya liwali na viboko vyake. Kwa Mserbia ni mahali pa kulala tu. Nenda kwa Watatari wa Volga, utaambiwa ni mgeni mwenyewe! Na asili yake moja: kutua, kama ndege anavyotua.”

Baba yake Domnika alikuwa akilaza wapita njia, tena bure. Lakini katika maneno yote hayo yeye alisikia moja tu: jumba la mkubwa. Likiandikwa hivyo, amekwisha.

“Hapa alikuwa akilala punda wa baba,” alisema. “Haya, andika!”

Petar alicheka, akaandika. Domnika akamkatia mkate, akaweka na chumvi. Ndiyo desturi: aliyekula chumvi ya nyumba hamdhuru mwenye nyumba. Petar aliitazama miguu ya Zinovia, binti mdogo wa Domnika aliyekaa pembeni, myembamba tangu ile njaa ya juzijuzi.

“Ahsante, dada. Nimeshiba.”

Ameshiba nini, na mashavu yamebonyea vile? Muongo mkubwa! Domnika hakuhitaji ushahidi mwingine. Mwenye nia safi angekataa chumvi ya mtu kwa nini?

Mgeni alipoondoka tu, alitia hati kifuani akakimbilia kwa Savva, karani wa kijiji, aliyekuwa akila mezani kwao kila Jumapili tangu enzi za baba. Mficha uchi hazai, akamweleza yote.

“Kaka, ichome wewe; mimi nashindwa, ina jina la baba. Yule Mbulgaria ananichimba.”

“Tulia, Domnika. Mimi niliyelelewa na mkate wenu, nitakutupa?”

Akarudi nyumbani mwepesi, akalala usingizi wa kitoto.

Mwezi wa saba, alfajiri, lori la askari lilisimama mlangoni kwake. Savva alikuwa kando yao, ameshika orodha.

“Domnika binti Lambu,” alisoma. “Hekta ishirini na tatu za mizabibu.”

Ishirini na tatu. Petar hakuwahi kuisikia hesabu hiyo. Domnika alimsogelea karani.

“Savva, nilikupa kwa mkono wangu mwenyewe.”

Savva hakuinua macho. Alishusha kidole mstari mmoja, akaendelea kusoma.

“Zinovia. Miaka minne.”